Vita Walivyovichoka Wenyewe

Ukizaliwa Newala, vita vya Msumbiji huvikuti kwanza kwenye kitabu cha historia. Unavisikia kwa bibi. Bibi yangu mzaa mama alivuka Ruvuma akitokea upande wa Mueda, mwaka uliofuata baada ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kuanzisha vita mahali paitwapo Chai, Septemba 25, 1964. Alivuka na watoto na sufuria moja, akapokelewa kwenye makazi ya wakimbizi ya Rutamba, Lindi, na baadaye sana akasogea Newala kwa ndugu. Mjomba wangu mkubwa alikuwa mmoja wa wale watoto. Kabla hajaota ndevu alikuwa tayari anabeba masanduku ya risasi kuyarudisha kule mama yake alikokukimbia. Kwa hiyo nyumbani kwetu Mreno alikuwa na sura moja tu: helikopta.

Sasa naishi Almada, ng'ambo ya mto Tejo ukitokea Lisbon, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Kireno nilikiokota Pemba, ile ya Msumbiji, enzi nikiuza vitenge. Nilipopangiwa nyumba ya mzee aliyepigana Mueda kati ya 1971 na 1973, waliokuwa wakinipangia kazi hawakujua habari hiyo, na wangejua wasingejali. Mimi nilijali. Yeye naye aliposikia natoka Newala alinyamaza kidogo, kisha akaniambia jina hilo analijua vizuri, maana kwenye ramani yao lilikuwa upande wa adui. Halafu akaomba chai.

Watu wa kwetu wakisikia habari zake huuliza swali lile lile: je, aliua? Sijamuuliza na sitamuuliza. Aliyeua hakujibu, na asiyeua anajikuta anajitetea. Ukitaka kujua vita, uliza habari za viatu, za chakula, za usingizi. Mzee huyu huongea ninapomkata kucha za miguu, kwa sababu wakati huo mimi nimeinama, yeye anatazama dirishani, na hakuna anayemkazia mwenzake macho. Siku nilipouliza kwa nini dole gumba la mguu wa kulia halina ukucha, alinieleza barabara ya Mueda kwenda Mocímboa da Praia.

Ilikuwa barabara ya mchanga, na FRELIMO walikuwa wameijaza mabomu ya kutega. Msafara haukuweza kwenda mwendo wa gari. Mbele walitembea vijana wenye fimbo ndefu za ncha ya chuma, wakidunga mchanga hatua kwa hatua. Ncha ikigusa kitu kigumu, wote wanasimama. Nyuma yao yanakuja malori ya Berliet yaliyopakiwa magunia ya mchanga, ili bomu likilipuka angalau dereva apate nafasi ya kupona. Kilomita chache zinakula siku nzima. Mzee alikuwa miongoni mwa wadungaji. Hunionyesha kwa mkongojo wake namna ya kushika: mkono ulegee, ukiukaza hausikii kitu. "Nilikuwa na miaka ishirini na mbili," anasema, "na kazi yangu duniani ilikuwa kudunga mchanga wa watu."

Ndipo nilipoanza kuelewa jinsi askari wanavyoipinga vita kabla hakujawa na tamko lolote. Kikosi chake hakikuasi. Hakuna aliyetupa bunduki. Walichofanya ni kutoka kambini kama walivyoagizwa, kwenda mpaka kwenye miti ya kwanza yenye kivuli cha maana, kukaa chini, na kila baada ya saa kadhaa kutangaza kwenye simu ya upepo mahali ambapo walitakiwa wawe wamefika. Makao makuu wanachora mshale kwenye ramani, wao wanacheza karata. Ofisa wao, kijana aliyekuwa akisomea uhandisi kabla ya kuchukuliwa jeshini, alijua yote, tena ndiye aliyekuwa akizipika hizo namba za ramani za kutangaza. Siku ya kurudi wanapeleka taarifa kwamba hawakukutana na adui. Huko juu inaandikwa kwamba eneo ni shwari.

Nilimpigia mjomba nimweleze.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Mreno wako mzima?"

Nikamsimulia habari ya karata. Alicheka mpaka akakohoa. "Loo! Sisi tulikuwa tunazunguka porini siku mbili nzima na mizigo kichwani kuwakwepa hao. Kumbe wamekaa kivulini!" Kisha akawa mkali ghafla. "Lakini wasijifanye wema. Walikaa kivulini kwa sababu walijua wakisogea tutawalipua. Mwambie hivyo."

Sikumwambia siku ile. Ila maneno ya mjomba ndiyo yaliyonifanya nianze kuuliza kwa mpango, maana hapa Ureno kila Aprili nilikuwa nikisikia simulizi nyingine kabisa, ya kwamba makapteni wa jeshi walioipindua serikali Aprili 1974 waliwapenda watu na wakawapa uhuru. Kwetu tunafundishwa kuwa FRELIMO waliwapiga Wareno mpaka wakakimbia. Zote mbili zimekatwa kwa mkasi mmoja, kila mtu akabaki na kipande kinachompendeza.

Hebu tazama hali ilivyokuwa. Ureno ilikuwa nchi ya watu wapatao milioni tisa, maskini kuliko majirani zake wengi wa Ulaya, inapigana sehemu tatu kwa wakati mmoja: Angola tangu 1961, Guinea-Bissau tangu 1963, Msumbiji tangu 1964. Salazar, dikteta wa Ureno, na baada yake Marcelo Caetano kuanzia 1968, hawakukubali hata kusema kwamba yale ni makoloni. Rasmi yaliitwa mikoa ya ng'ambo, kwa hiyo askari alikuwa anakwenda kulinda "mkoa" ambao baba yake hakuwahi kuusikia. Ulinzi ulikuwa ukimeza karibu asilimia 40 ya bajeti ya serikali. Kijana aliweza kutumikia jeshi mpaka miaka minne, miwili ikiwa Afrika. Meli zilipokuwa zinang'oa nanga bandarini Alcântara, kina mama walipunga vitambaa, bendi ikipiga, na televisheni ya serikali ikaonyesha vitambaa. Kilio hakikuonyeshwa.

Magazeti yalipitia kwa wakaguzi, na polisi wa siri, PIDE, walikuwa na masikio kila mahali, hata kwenye mkahawa wa kijiji. Huwezi kuandamana. Kwa hiyo watu walipinga kwa miguu.

Hili nililijua kwa mke wa mzee, ambaye ndiye mwenye ulimi katika nyumba ile. Mdogo wake alifikisha umri wa jeshi mwaka 1970. Baba yao hakusema chochote juu ya siasa, maisha yake yote hakuwahi kusema. Aliuza ng'ombe jike. Fedha zile zilikuwa za mpitishaji, mtu wa kuwavusha vijana kwa njia za panya kupitia milima ya Hispania mpaka Ufaransa. Walivyolindana ni hivi: picha ya kijana inachanwa vipande viwili, kimoja kinabaki kwa wazazi na kingine anakwenda nacho msafiri. Akifika salama, anakituma kwa posta. Vipande vikikutana, mpitishaji analipwa kilichobaki. Mama huyu bado anayo ile picha, imegundishwa kwa gundi ya karatasi ambayo imegeuka rangi ya chai, na mstari wa mchano unapita chini ya jicho la kushoto. "Mama yangu," aliniambia, "kwa wiki nne alikuwa na nusu ya mtoto mkononi. Halafu watu wanasema Wareno hawakuipinga vita."

Wanahistoria wa Ureno wanakadiria kwamba watoro waliokimbia wakiwa tayari jeshini walizidi 8,000 kati ya 1961 na 1973, na waliokwepa hata kufika kupimwa walikuwa wapata 200,000. Wengi wa hawa wa mwisho walikuwa wanatafuta kazi Paris kuliko kupinga ukoloni. Mama anakubali. Mdogo wake alibeba matofali kwenye majengo ya pembeni mwa Paris na hakuwahi kuhudhuria mkutano hata mmoja. Mimi hilo halinisumbui. Kijana ambaye hakupanda meli ni bunduki moja iliyopungua upande wa pili wa mto ambako mjomba alikuwa anapita na mzigo, awe amekimbia kwa ajili ya Mondlane, kiongozi wa kwanza wa FRELIMO, au kwa ajili ya mshahara.

Wapo waliopinga kwa sauti, na waliilipia. Wanafunzi wa Coimbra waligoma mwaka 1969, na serikali ikafanya jambo ambalo mpaka leo nalishangaa kwa upumbavu wake: iliwaadhibu viongozi wao kwa kuwachukua jeshini. Yaani vijana waliokuwa wanapiga kelele chuoni ikawavalisha gwanda na kuwapeleka kuwa maofisa wadogo, kambi kwa kambi, wakakae na watoto wa wakulima usiku kucha bila kazi zaidi ya kuongea. Machi 1971 kundi la siri la wakomunisti lililipua ndege na helikopta kwenye kituo cha anga cha Tancos, hukohuko Ureno. Mwisho wa Desemba 1972 Wakatoliki wa Lisbon walijifungia katika kanisa dogo la Rato kufunga na kusali dhidi ya vita. Polisi wakaingia, wakawakamata, na waliokuwa watumishi wa serikali wakafukuzwa kazi. Mapadre nao walikuwa wameshaanza. Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita White Fathers, waliondoka Msumbiji mwaka 1971 kwa sababu maaskofu walinyamazia dhuluma. Na ni mapadre waliokusanya majina ya waliouawa Wiriyamu, mkoani Tete, Desemba 16, 1972, watu karibu 400, na habari hiyo ikatoka gazetini London Julai 1973, Caetano akiwa mbioni kwenda kutembelea Uingereza. Mzee anasema kambini kwao Wiriyamu waliisikia kwa mnong'ono, na kwamba usiku ule hakuna aliyecheza karata. Waziri mkuu wa Ureno aliiombea radhi Maputo mwaka 2022. Miaka hamsini, kasoro miezi michache.

Sasa makapteni. Hapa ndipo mjomba na mzee wanapokaribia kukubaliana, ingawa hawatakiri.

Vilivyowaunganisha maofisa wale mwaka 1973 havikuwa mateso ya Mmakonde. Ilikuwa amri ya serikali ya Julai mwaka huo kuhusu vyeo. Vita vilikuwa vimekula maofisa, vijana hawaombi tena kujiunga na chuo cha kijeshi, kwa hiyo serikali ikaruhusu maofisa wa muda, waliotoka uraiani, wasome kozi fupi na kuwa maofisa wa kudumu huku miaka yao ya nyuma ikihesabiwa. Makapteni waliosota chuoni miaka minne wakaona wanarukwa. Wakaanza kukutana kwa siri, kikao cha kwanza kikubwa kikiwa Septemba 1973 kwenye shamba moja huko Alentejo, na ajenda ni vyeo. Lakini watu wakishazoea kukutana kwa siri hawaishii kwenye ajenda. Wengi wao walikuwa wameshakwenda Afrika mara mbili au tatu. Kila mmoja alikuwa anajua kwamba mwenzake anajua. Miezi michache baadaye habari ya vyeo ilikuwa imebaki kuwa kisingizio, na wanachozungumza ni namna ya kuiangusha serikali isiyotaka kumaliza vita.

Februari 1974 Jenerali Spínola, aliyetoka kuongoza vita vya Guinea, alichapisha kitabu akisema wazi kwamba Ureno haiwezi kuvishinda vita hivi kwa silaha. Machi 14 serikali iliwaita majenerali wazee kuapa utii mbele ya Caetano. Spínola na mkuu wake, Costa Gomes, hawakutokea na wakafutwa kazi. Waliotokea, mitaani waliitwa kikosi cha baridi yabisi. Utani huo mzee anaupenda mpaka leo, hasa asubuhi za baridi akishindwa kuinuka kitini.

Usiku wa kuamkia Aprili 25, saa sita na dakika 20, wimbo uliopangwa ukapigwa redioni, na vikosi vikatoka. Kapteni Salgueiro Maia alitoka Santarém na magari yake ya deraya mpaka Lisbon; alikuwa ameshatumikia Msumbiji na Guinea. Asubuhi, karibu na mto, alikabiliwa na vifaru vya upande wa serikali. Brigedia akaamuru wapige. Ofisa mdogo akakataa. Brigedia akamgeukia koplo aliyekuwa ndani ya kifaru, na koplo yule akafunga mlango wa juu na kubaki ndani. Basi. Hakutoa hotuba. Kila nikipita pale kwa feri ya Cacilhas namfikiria huyo koplo kuliko kapteni, kwa sababu kapteni alikuwa na wenzake na mpango, na koplo alikuwa na mlango tu. Watu wakajaa mitaani ingawa redio iliwaambia wakae majumbani, maua mekundu yakachomekwa kwenye mitutu, jioni Caetano akajisalimisha. Waliomwaga damu ni polisi wa siri, waliopiga risasi kutoka kwenye makao yao na kuua watu wanne.

Siku ile mzee alikuwa ameshamaliza zamu yake na amerudi, anafanya kazi gereji hapa Almada. Aliisikia habari kwenye redio ya mteja. Namuuliza alifikiri nini. Anasema alifikiria vijana waliokuwa bado Mueda, kwamba wasife wiki hiyo, ingekuwa ujinga kufa wiki hiyo.

Hofu yake ilikuwa na msingi, maana vita havikuisha Aprili. Spínola, aliyepewa urais, alitaka kusitisha mapigano kwanza na kuzungumzia uhuru baadaye. Samora Machel, kiongozi wa FRELIMO, hakukubali, na wapiganaji wake wakaendelea kupiga. Huku kwingine askari wa Kireno waliopo vichakani hawakuona tena sababu hata ya kujifanya wanapiga doria. Agosti 1, 1974 kambi ya Omar, karibu na Ruvuma, iliangukia mikononi mwa FRELIMO, na askari zaidi ya 100 wakavushwa kuja upande wetu, Tanzania, wakaachiliwa Septemba. Mkataba wa Lusaka ulitiwa saini Septemba 7, na uhuru ukaja Juni 25, 1975.

Mjomba akiieleza Omar anasema: tuliwateka. Mzee anasema: walifungua mlango. Nimewasikia wote wawili mara nyingi sana, na naona kila mmoja anamhitaji mwenzake ili maneno yake yawe kweli. Ofisa wa karata asingebuni zile namba za ramani kama mchanga usingekuwa na mabomu. Na mabomu peke yake, katika nchi ambayo jeshi linaipenda vita yake, yangeleta askari wengine na mabomu mengine, kama ilivyotokea mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alipoimwagia nyanda za Wamakonde maelfu ya askari.

Kuna watu ambao hakuna kati ya hawa wawili anayewataja mpaka nimkumbushe. Mwishoni mwa vita zaidi ya nusu ya askari wa jeshi la Ureno ndani ya Msumbiji walikuwa Wamsumbiji wenyewe. Hao hawakuwa na Ufaransa ya kukimbilia wala makapteni wa kuwasemea, na Wareno walipopanda meli kurudi kwao, wao walibaki. Mume wangu, aliyezaliwa Nampula, ana baba mdogo aliyekuwa mmoja wao. Haongei kabisa, hata ukimkata kucha.

Juzi mjomba alinitumia ujumbe wa sauti akitaka swali moja liulizwe: kwenye ile barabara, kikosi cha mzee kilikuwa kinalala wapi? Mzee alidai karatasi, nikampa bahasha ya duka la dawa, akachora kwa mkono unaotetemeka: kambi, barabara, kisima, kona, mto mdogo. Nikapiga picha na kuituma Newala. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa.

"Mpwa, mwambie huo mto ameuweka pabaya. Uko kushoto kwa kona, si kulia. Mimi nimeuvuka na mzigo."

Nikatafsiri. Mzee akaitazama bahasha, akavaa miwani, akaitazama tena. Akasema uko kulia, yeye ameudunga kila hatua, na kwamba mjomba wangu aliuvuka usiku.